Ng'ombe Ndani ya Miwani

Kabla ya adhana ya alfajiri, katika nyumba ya Mama Sharifa pale Kavimvira, mpakani mwa Uvira na Burundi, mafuta yalilia chwaa. Ni sauti ndogo, na jirani wote wameizoea, maana mama huyo amewakaangia wavuka mpaka mandazi tangu kabla hao jirani hawajaoa. Siku hiyo, nyuma ya chwaa ilifuata "uwii" moja fupi. Mafuta yalikuwa yamemrukia mkononi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa sufuria motoni, ili mandazi yasiungue.

Mpwa wake Tariki aliamka. Tariki alikuwa na umri wa kuoa, uso wa kuaminiwa, na kazi ya kueleza. Aliwahi kumweleza mtu wa Bwegera kwamba mchele huongezeka uzito ukipimwa upande wa Burundi. Yule bwana alivusha gunia, akalipima, akalirudisha, akalipima tena, na kila mara Tariki alikuwa na maelezo mapya na mkono uliofunguliwa. Lakini mtu hana ubaya mtupu. Asubuhi ile aliufunga mkono wa mama yake mdogo kwa kitambaa safi, akajitwika kapu la mandazi, akamsindikiza hadi kituo cha afya, akitembea polepole ili mama asichoke.

Kituo hicho hakikuwa na sabuni. Kila mgonjwa huja na yake. Sindano za ganzi zilikuwa zimekwisha. Ila kilikuwa na miwani. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kufunika macho yote mawili kama kofia iliyoteleza, na ukiivaa unajiona uko chini ya maji, samaki wa rangi wanakupita huku na huku. Wageni fulani walikuwa wameileta, wakakaa kidogo, wakapiga picha nyingi, wakaenda zao. Ganzi haileti picha nzuri.

Hata hivyo, ukweli usemwe: miwani ilifanya kazi. Muuguzi, Mama Agnès, alimvisha Mama Sharifa, akaanza kuondoa ngozi iliyoungua. Mama Sharifa akawa anageuza kichwa na kucheka. Alimuonyesha Tariki samaki ambaye Tariki hakumuona, akauliza wanauzwaje. Mkono ukafungwa, na yeye bado anauliza bei.

Wengine wangemshukuru Mungu. Tariki alimshukuru pia, kisha akafikiri. Watu wote wa Uvira, alijiambia, wanaogopa kitu. Wapo wa meno, wapo wa sindano, na wapo wa mashemeji. Na hofu haina duane, haina ushuru wa mpakani. Inavuka bila kulipa.

Hazikupita siku nyingi, akawa amesimama nje ya lango la kituo akiwa na koti jeupe la kiganga na miwani yake mwenyewe. Hii ilikuwa ya plastiki, imetoka Bujumbura, ya kupachika telefone mbele. Alijiita Tekinisye wa Maumivu, yaani fundi wake. Aliwaeleza waliopanga mstari kwamba ile ya ndani ni ya bure, na kitu cha bure hakina nguvu. Fundi viatu mmoja aliikodi akang'olewa jino, akapiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakajibu. Tariki alimpa pole, akamwambia kwamba bila miwani angekuwa amekufa. Yule fundi, shavu limevimba, alimshukuru kwa kumuokoa. Mvunja pesa wa mpakani aliikodi ili aketi na mama mkwe wake, na huyo ndiye mteja pekee aliyerudi kusema imemsaidia.

Ndipo akaja Mukansanga.

Alikuwa mama mzee wa Rurambo, kule juu milimani, mrefu, mwenye fimbo, na kidonda kwenye muundi kilichoanza kama mkwaruzo wa mti. Mama Agnès alikuwa amemweleza bila kumtisha: nyama iliyokufa ikiachwa, mguu utakatwa. Na mtu wa mguu mmoja hapandi Rurambo. Mukansanga alilielewa hilo kuliko mtu yeyote. Alizaa watoto wake wote bila kutoa sauti. Lakini akiiona mikasi tu, mwili wake ulishuka kitandani wenyewe. Ulikuwa umeshashuka mara mbili.

Safari ya tatu Mama Agnès alimvisha ile miwani ya wageni. Mukansanga aliivua upesi kuliko ilivyovaliwa.

"Minye sikulaka samaki," alisema. "Unaniweka mu maji, samaki zinaniangalia kama minye ndiye chakula."

Hakuna kati ya wale wageni aliyekuwa ameuliza kama yuko mgonjwa asiyependa samaki. Ziwa liko pale pale, waliliona, wakamaliza.

Tariki, ambaye masikio yake yalikuwa yakiingia chumbani kabla yake, alijitokeza mlangoni na koti lake jeupe. Alisema kwa upole kwamba yake iko na ng'ombe. Mama mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, macho yakakaa kidogo kwenye viatu, kisha akakubali. Tariki akawasha picha: malisho ya kijani, ng'ombe weupe wenye mabaka meusi, wanene, hawana pembe.

"Hizi zilikosa nini?" Mukansanga aliuliza. "Nani alizikata pembe?"

"Ni za Ulaya, Mama. Ziko za bei kali."

"Haziko na pembe, haziko na mulinzi, haziko na jina. Hii si ng'ombe, mwana wangu. Hii ni meza."

Akamrudishia miwani. Kisha akasema jambo lililomfanya Tariki asahau njaa. Kama angewaona ng'ombe wake mwenyewe, alisema, Bihogo, na Gaju, na Sine, angelala pale na mikasi ifanye itakavyo. Na mtu atakayemletea ng'ombe wake ndani ya kitu hiki, atampa mtamba.

Mama Agnès alifungua kinywa kusema neno, akamwona mama mzee akimtazama, akakifunga.

Tariki alitoka mbio hadi kwa Djamali, mchinjaji, akamweleza kwamba mtamba wa milimani yuko njiani. Djamali alisema atangoja na kamba yake. Tariki aliporudi kituoni kuaga, Mukansanga alimuomba apitishe huko juu chumvi kidogo ya ng'ombe. Kidogo hicho kilikuwa gunia. Tena akamtuma dawa ya kupe, blanketi la mwanawe Ndahiro, na salamu ambazo peke yake zilikuwa mzigo. Chumvi na dawa Tariki alinunua kwa fedha yake mwenyewe. Mtu anayekwenda kupata ng'ombe hawezi kuonekana akibishania chumvi.

Pikipiki ilimfikisha mahali njia inapoamua kwamba haitaki tena magurudumu. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, gunia begani, mvua mgongoni. Alipofika Rurambo, viatu vyake vya mjini vilikuwa vimeachana na soli zake. Uwituze, mke wa Ndahiro, hakumuuliza swali lolote. Alimpa maziwa ya moto, akamuweka karibu na jiko, na Tariki alipoamka alikuta soksi zake zimefuliwa na zinakauka pembeni ya moto.

Kupiga picha hakukuwa jambo la haraka. Ndahiro alimfundisha kwamba ng'ombe hapigwi picha kabla hajanywa maji. Sine apigwe upande wa kushoto, ule wa kulia haumpendezi. Bihogo haangalii mtu asiyemjua. Basi Tariki alichunga na Ndahiro, akampaka Bihogo dawa ya kupe, akamlambisha chumvi mkononi, hadi Bihogo akamuangalia. Alirekodi na vilima, na moshi wa zizi, na sauti ya Ndahiro akiwaita mmoja mmoja jioni.

Alirudi akichechemea. Siku hiyohiyo Mama Agnès alichemsha mikasi. Mukansanga alilala, akavaa miwani ya plastiki, akashika kitu cha kwanza alichokipata, nacho kilikuwa mkono wa Tariki.

"Bihogo," akaita polepole.

Mama Agnès akaanza. Mama mzee hakushuka. Aliwataja wote, akawauliza habari, akamkemea Gaju kwa kusukuma wenzake. Kila mikasi ilipouma, sauti yake ilibaki vilevile, lakini vidole vyake vilikaza. Vidole hivyo vimekamua maisha yote. Tariki alijikunja, akauma kola ya koti lake jeupe, machozi yakamtoka. Maumivu, aligundua Tekinisye wa Maumivu, hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamehama.

"Sine anachechemea mguu wa nyuma," alisema Mukansanga ndani ya miwani. "Hakuna muntu aliona? Tariki, upige telefone kwa Ndahiro."

Tariki akapiga kwa mkono uliobaki.

Kidonda kilisafishwa siku hiyo na siku zilizofuata, na mkono wa Tariki ulikuwepo kila mara, maana mtamba alikuwa bado hajaonekana. Mama Agnès aliomba zile picha, akaziingiza kwenye miwani ya wageni, kwa ajili ya wagonjwa wengine wa milimani. Tariki alizitoa bila kudai kitu. Alipokumbuka kwamba angeweza kudai, alikuwa ameshafika nyumbani.

Mguu ulipoanza kupona, Ndahiro aliteremka na kibuyu cha maziwa. Walikusanyika uani mwa kituo: Mama Agnès, Mama Sharifa na mkono wake uliopona, na Djamali nyuma ya wote, kamba begani. Mukansanga alisimama kwa miguu miwili. Alisema mbele ya watu wote kwamba amemgabira, yaani amemzawadia, Tariki mtamba, binti ya Bihogo, yule mwenye doa kwenye paji la uso. Tariki akanyweshwa maziwa. Watu wakapiga makofi. Akauliza, kwa heshima, atakwenda kumchukua lini.

"Kumuchukua umupeleke wapi?" Mukansanga alishangaa. "Atalala Kavimvira, mu chumba cha mandazi?"

Akamueleza, na safari hii anayeelezwa alikuwa Tariki. Mtamba atabaki na mama yake juu. Akizaa, ndama wa kwanza atarudi kwa Mukansanga, ndiyo desturi. Ng'ombe wa kupewa hauzwi. Anayemuuza huyo ameuza urafiki, na maziwa ya nyumba ile hatayaonja tena. Na mwenye ng'ombe anamletea ng'ombe wake chumvi, maana nani mwingine amletee?

Djamali alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunja kamba yake vizuri, akaaga watu wazima kwa mkono, akaenda.

"Mama," Tariki alisema, "ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua nini? Minye niko muntu wa ng'ombe tu." Alijiweka sawa kwenye fimbo. "Muganga mwenye viatu vya kucheza dansi, minye nilimuona. Nilijiuliza: huyu anaweza kupanda? Mwaka mzima huu mguu ulinizuia kupeleka chumvi."

Mama Sharifa alicheka kwa namna alivyocheka chini ya maji na wale samaki. Koti jeupe Tariki alikuwa amelikunja chini ya kwapa, na kwenye kifundo cha mkono alama za vidole vya mama mzee zilikuwa bado hazijafutika.

Ndahiro alichukua mzigo wa mama yake, wakaanza kuondoka, yeye akimpunguzia mwendo kwenye mawe. Langoni Mukansanga aligeuka.

"Uje kututembelea, Tariki," alisema. "Usikawie. Mtamba anakua mbio, atasahau sura yako."