Malalamiko Dhidi ya Sungura Aliyechelewa Barazani

Makambako, Jumatatu

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Hadithi za Wanyama

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu gazeti lilipokuwa likitufikia kwa treni, limechelewa siku mbili, na bado tukiligombea. Kwa heshima hiyo naomba mpokee malalamiko yangu dhidi ya sungura.

Mwezi uliopita mlichapisha tena hadithi ya fisi aliyemkuta ndama wa jirani amelala kando ya kondoo wake dume, akadai kondoo ndiye aliyemzaa. Wanyama wote waliogopa, wakakubali. Sungura akafika barazani amechelewa, akajitetea kwamba baba yake alikuwa anajifungua. Fisi akafoka kwamba mwanamume hazai, na kesi ikaishia hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliiamini. Nilipohamia Makambako kwa kazi ya reli, miaka thelathini na minne iliyopita, nilimwazima jirani yangu Bonaventura shamba langu la upande wa Lupembe alime mahindi na viazi. Kwetu shamba la kuazima halipandwi mti, kwa kuwa mti ni neno la mwenye shamba. Bonaventura alipanda misindano, miti ya mbao. Sasa anasema ardhi hufuata miti, nami sina karatasi. Marehemu mke wangu, Rebeka, amelala kati ya mstari wa tatu na wa nne wa misindano hiyo. Mimi nina miaka sabini na minane, na nafasi iliyo kando yake ni yangu.

2. Nilifuata maelekezo yenu neno kwa neno. Siku ya shauri nilichelewa nusu saa kwa makusudi, nikaliambia baraza la ardhi, "Mnisamehe, baba yangu alikuwa anajifungua." Nikangoja wafoke. Mwenyekiti akaacha kukoroga chai. "Pole sana, mzee wetu. Amejifungua salama?" Nikasema salama. "Mtoto gani?" Hadithi yenu haikuniandaa kwa swali hilo. Nikasema wa kike. Mwenyekiti akampongeza baba yangu, aliyefariki mwaka 1981, akamwagiza katibu aandike udhuru wangu, kisha akampa Bonaventura shamba.

3. Aliyeelewa ni Bonaventura peke yake. Hadithi hiyo bibi yake alitusimulia sote wawili utotoni, tukipukuchua mahindi. Aliinama akatazama viatu vyake. Shamba, hata hivyo, alilichukua.

4. Chini ya kila hadithi mnauliza, "Tunajifunza nini?" na mnajibu kwamba akili hushinda nguvu. Futeni. Andikeni kwamba hila hii hufaa pale tu fisi anapojua kuwa mwanamume hazai.

5. Ikiwezekana, mwondoeni sungura kabisa, ukurasa mumkabidhi fisi. Watoto wamzoee mapema: wajue kumwamkia, kumpisha njia na kumpa kondoo dume hongera ya uzazi. Mjukuu wangu Anneth yuko darasa la tatu. Anaweza kuanza hata kesho.

Wasalimieni wapiga chapa, wachoraji, na huyo sungura pia, ambaye nje ya mambo ya ardhi sina ugomvi naye.

Ni mimi, kwa heshima na masikitiko,
Nathanieli Nyagawa,
mstaafu wa stoo ya reli.

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha nimepata majibu ya baraza la juu, nilikokuwa nimepeleka rufaa bila matumaini. Hukumu imetenguliwa. Wanasema kumbukumbu za shauri, ukurasa wa kwanza, zinaonyesha baraza liliridhika kwamba baba wa mlalamikaji alijifungua mtoto wa kike. Na baraza lililoridhika na hilo haliwezi kuaminiwa linaposema shamba limezaliwa na misindano. Bonaventura naye amenipigia simu. "Kaka, yule mtoto wa baba hajambo?" Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema wiki hii anakata mstari wa tatu na wa nne, nije nimwonyeshe mipaka.

Basi hadithi ichapeni tena kama ilivyo. Ongezeni sentensi moja tu: sungura alikata rufaa.