Dawa ya Usingizi Kanisani

Jumapili, 8 Februari 2026

Aibu! Mwangalizi wa makanisa yetu ametutembelea bila taarifa, akakuta waumini wamelala. Si kusinzia. Kulala. Mabati yalikuwa yametupika tangu wimbo wa kwanza, na Mchungaji Pekeshe alipofika katikati ya mahubiri hapakuwa na jicho wazi hapa Minjila isipokuwa lake mwenyewe. Mwangalizi alisimama mlangoni na mkoba wake, akasikiliza mikoromo. Kisha akasema kanisa la namna hii ni heri liunganishwe na lile la Garsen mjini. Atarudi tarehe 22 kuamua.

Mchungaji aliketi mlangoni kama mtu aliyefiwa. Kanisa hili alilijenga kwa mikono yake. Na akina bibi zetu wataendaje Garsen kila Jumapili?

Griffin, kiongozi wa kwaya, akapendekeza feni. Feni! Stima yenyewe huja kwetu kama mgeni. Nikasimama, nikasema mgonjwa hapa ni jengo, si watu. Nikataja semina ya nyumba zenye afya niliyohudhuria Malindi. (Nilikuwa nikimsaidia shemeji kushusha viti. Lakini nilisikiliza mwanzo wote, na chakula cha mchana nilikula.)

Mchungaji akanishika mkono. "Bwana Gunga," akasema, "tuokoe."

Basi mimi ndiye msimamizi wa ukarabati. Griffin amenuna. Kwa jumla, siku njema.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekagua. Madirisha yote yako upande mmoja, kwa hiyo upepo ukiingia hauna pa kutokea. Dari hakuna. Adhuhuri nilijifungia ndani nione hewa mbovu inavyomdhuru binadamu. Jioni mke wangu, Kahaso, akaja kuniamsha. Uchunguzi umefaulu.

Jumatano, 11 Februari

Nimetoboa ukuta! Matundu ya chini, usawa wa magoti, upande unakotoka upepo. Mengine juu kabisa, upande wa pili, joto litokee huko. Upepo ukapita! Kurasa za Biblia ya mimbarini zikajifungua zenyewe. Nilisimama katikati ya kanisa nikicheka peke yangu.

Nikaenda kunywa chai. Kurudi, ndama wa Mzee Hirbo, jirani yetu Muorma, wamejilaza mbele ya mimbari. Wameingilia tundu moja nililolipanua kupita kiasi kwa furaha. Nikamwita mwenyewe aje aone. Mzee akasimama, akavuta pumzi ndefu, akasema wanyama wake walikuwa wakihema juani kutwa, leo wamepata pa kupumzika, Mungu anibariki. Akaomba naye aketi kidogo. Aliondoka alasiri.

Nimelichukua hilo kama sifa ya kitaalamu. Matundu nimeyatia wavu. Utazuia ndama, na mbu pia.

Ijumaa, 13 Februari

Dari ya mikeka imekamilika. Akina mama wa boma la Mzee Hirbo ndio waliosuka. Huamini kama juu yake kuna mabati.

Griffin kaja kulalamika kwamba mikeka inameza sauti ya kwaya. Nikamjibu kwamba sauti ya kwaya ilihitaji kumezwa. Neno baya. Sijutii.

Metrine, muuguzi wa zahanati, alipita kutazama. Alifurahi sana. Akasema wenye pumu watapumua, na watoto wachanga hawatatoka vipele vya joto. Kisha akauliza kwa nini nakata miguu ya nyuma ya mabenchi. Nikamweleza: uti wa mgongo. Binadamu anatakiwa aketi amelegea, mgongo uegemee nyuma. Akajaribu benchi moja. "Wee!" akasema. Zahanati ilimngoja sana leo.

Jumapili, 15 Februari

Ibada ya majaribio. Hewa tamu! Ubaridi mwanana! Watu waliingia wakitabasamu, wakaketi, wakaegemea. Mchungaji akafungua Biblia.

Sikumbuki zaidi.

Kahaso anasema nililala wa kwanza. Anasema hata sala ya toba ilikuwa haijaisha. "Baba Kabibi, unakoroma," alininong'oneza, kisha na yeye akalala. Kwaya ililala. Mzee wa kanisa aliyeshika sahani ya sadaka alilala nayo mapajani. Mchungaji alijikuta anaihubiria mikeka.

Baadaye Griffin alinijia taratibu. Akaniambia zamani watu walilala kwa mateso, sasa wanalala kwa raha, hongera. Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo. Lakini Mchungaji hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinichoma.

Jumanne, 17 Februari

Jambo la ajabu. Mchana kanisa limejaa! Wauza maziwa waliochoka na jua, waendesha bodaboda, binti mmoja na mtoto wake mchanga. Anasema mtoto hajawahi kulala mchana tangu azaliwe. Leo alilala kama gogo, mama akamtazama huku machozi yakimlengalenga.

Mchungaji anazunguka na jagi la maji, anaulizana hali na kila anayeamka. Ameniambia hajawahi kupata wageni wengi hivi katikati ya wiki. Anaonekana kijana.

Nimefurahi. Lakini Jumapili ijayo? Nawaza.

Ijumaa, 20 Februari

Nimepata! Nimeziba nusu ya matundu kwa magunia. Joto kidogo tu, la kuwaweka macho.

Metrine akaingia, akayaona. Sijawahi kufokewa vile tangu shule ya msingi. Eti nataka kuwaumiza watu ili waonekane wacha Mungu? Watu watakosa hewa, vichwa viwaume, halafu nani atawatibu? Nikasema semina haikufika kwenye sehemu hiyo. Nikaondoa magunia.

Jioni nikameza kiburi. Nikaenda kwa Griffin kumwomba ngoma zipigwe kila mahubiri yakipoa. Alinifanya niombe mara mbili. Kisha akakubali, akanipa na ndizi. Si mtu mbaya, yule. Sauti tu.

Jumapili, 22 Februari

Lo! Siku gani hii!

Mwangalizi aliwasili mapema, amejaa vumbi la barabara, macho mekundu. Nilimkaribisha kwenye benchi la mbele, karibu na tundu bora kuliko yote. Akaegemea. Mchungaji akasema, "Wapendwa." Mwangalizi akalala.

Akalala fofofo! Mdomo wazi, viatu vimemtoka miguuni. Na waumini? Macho makavu, wote! Nani angelala akakosa jambo kama hilo? Bibi wa nyuma walisimama waone vizuri. Griffin aliinua fimbo ya ngoma, Mchungaji akamzuia kwa kidole. Akahubiri kwa sauti ya chini, mahubiri mazuri kuliko yote niliyowahi kumsikia, na sisi tukasikiliza kila neno huku tumejiuma midomo tusicheke.

Aliamka kwenye baraka. Akatazama huku na huku, akatuona tumekaa wima, macho makali kama ya mwewe. Akavaa viatu. Alisimama, akakohoa, akasema ameona kanisa lililo macho. Akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba alikuwa hajalala vizuri tangu mkewe afariki.

Hakuna aliyetaka kucheka tena. Mchungaji alimkumbatia. Kanisa linabaki!

Jumatatu, 23 Februari

Kahaso anasema ilikuwa bahati. Bahati! Mimi nilimketisha pale. Ilikuwa hesabu tangu mwanzo, ila sikujiambia mapema.

Habari zimeenea. Leo nimekwenda Garsen, nikazungumza na wanaosimamia kituo cha mabasi ya Lamu. Masikini abiria husubiri juani! Nimewachorea banda: kivuli kizito, upepo wa chini, dari ya mikeka, mabenchi yaliyolegea kuliko ya kanisani, na mito. Wamependa mno. Naanza kesho.

Kahaso ameniuliza, je, basi likija likakuta abiria wote wamelala?

Huyu mke wangu ni mtu mwema, lakini mambo ya afya hayaelewi.