Taa Zenye Nidhamu

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa. Mama Usukani, mwenye shule ya udereva, kaleta gari jipya gereji kwangu nilikague. Kwangu kwanza! Si kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyefungua gereji ng'ambo ya barabara baada ya mimi mwenyewe kumfundisha kushika bisibisi. Mama anatafuta fundi mmoja wa kumwachia magari yake yote saba. Saba mara taa mbili za mbele: kumi na nne. Nimekwisha kuyaona yamepangwa uani.

Akawasha gari. Taa zikainama, zikainuka, zikaangalia huku na huku kama mtu aliyepotelewa na ndala. Nikamwambia zimelegea. Shemeji akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba gari linajikagua tu, na taa hizo zimeundwa zigeuke pamoja na usukani. Nani alimuuliza? Nikamwahidi mama zitatulia. Kaniachia gari hadi keshokutwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua taa. Ndani, vimota vidogo, kazi yao kuzichezesha. Ugonjwa umeonekana! Nimezikaza kwa gundi ya chuma, kushoto na kulia. Sasa zimesimama kama askari kwenye gwaride. Kwenye dashibodi kimejitokeza kitaa cha manjano cha kulalamika. Nimekibandika utepe mweusi.

Mke wangu kaniambia nivuke barabara nimuulize mdogo wake. Nikamjibu kwamba gereji hii nimeijenga kwa mikono hii, bila cheti wala kompyuta, sitaanza leo kuomba ushauri kwa mtoto niliyemnunulia ovaroli yake ya kwanza. Akasema haya. Haya yake ile naijua.

Jumatano, 12 Machi

Majaribio, giza lilipoanza kuingia. Mama kwenye usukani, mimi kando, kifua mbele. Barabara iliyonyooka: mwanga safi, akanisifu. Tukafika kona ya kiwanda cha mbao. Akakata kushoto bila kupunguza mwendo. Eti tangu alinunue amezoea taa zimtangulie kwenye kona! Zangu zikabaki kutazama ukuta wa kiwanda. Sisi tukaingia gizani, na gari likazama kwenye lundo la maranda.

Hakuna aliyeumia. Maranda ni laini, nami nilimwambia hivyo mara mbili. Mama akajipangusa, akaniuliza taratibu:

"Fundi, hizi taa zinamwangalia nani?"

"Zinaangalia mbele, mama. Kama nilivyokuahidi."

Shemeji ndiye aliyekuja kutuvuta kwa kamba. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Magari yote saba kapewa shemeji. Upendeleo mtupu.

Alasiri shemeji akavuka barabara mwenyewe. Kajaribu joto, kajaribu dawa, kajaribu kugonga, gundi haitoki. Kompyuta yake inasema kuna kosa, basi.

"Shemeji, nisaidie," akasema. "Jumamosi mama ana mtihani wa wanafunzi wake. Gari lisipokuwa tayari, ananinyang'anya yote."

Nikamwacha asimame kidogo. Kisha nikachukua vifaa. Gundi yangu imeshinda kompyuta! Sasa fundi ni nani?

Ijumaa, 14 Machi

Nimeitoa gundi yote, kwa waya mwembamba na subira. Taa zinacheza tena. Shemeji kanishukuru mbele ya mafundi wake, kisha akanieleza kwamba juu ya kioo cha mbele kuna kamera. Ikiona gari linakuja, inazima kipande kile tu cha mwanga kinachompiga mwenzako machoni, kwingine kote kunabaki kweupe. Gari linaloona haya! Nikaitikia kwa adabu. Mke wangu kasema anajivunia sisi wote wawili. Alinitaja mimi kwanza.

Jambo moja sijamwambia mtu. Tulipokuwa tunaliosha gari, maji yalirukia kioo na waipa zikaanza kufuta zenyewe. Hakuna aliyeziamuru! Shemeji hakuona, alikuwa ndani ananawa mikono. Nimekata waya wa waipa. Kimya.

Kesho ni mtihani, na mawingu mazito yametanda tangu alasiri. Mama ataona mwenyewe jinsi waipa zilivyotulia. Nimebandika namba yangu ya simu kwenye dashibodi, ajue wa kumshukuru.