Mhamiaji wa Kujifanya

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu, huko uliko,

Nimefika ughaibuni kusomea uhamiaji, siasa na dini. Vyote kwa mpigo! Nawe ulisema siwezi kuchemsha maji huku nikifua. Mwalimu anataka kila mtu alete mahojiano na mhamiaji kufikia Ijumaa. Asiyeleta, safari ya nyumbani. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Msomi, anasema atawaomba tu wahamiaji wamsimulie. Kuomba! Kichwa kikubwa, ndani makapi.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu yangu: nijifanye mhamiaji, watafunguka wenyewe. Nimejaribu lile koti uliloshonea kifungo cha rangi nyingine. Msomi akauliza, "Kaka, unajifanya au ndivyo ulivyo?" Nimempuuza.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda ukumbi wa nyumba ya ibada, wageni wanakopewa chai na mablanketi. Nikaketi kando ya fundi viatu. Nikamwuliza alipita mpaka gani, chama gani kilimfukuza, na kama bado anasali. Akasema, "Mzee, wewe polisi?" Benchi zima likahama! Waoga wakubwa.

Mama anayegawa chai akaniita baba, akauliza nimemwacha nani nyumbani. Hadithi niliyotunga ikayeyuka. Nikajikuta namweleza habari zako: ulivyopenda kulala upande wa ukutani, ulivyokohoa ukisingizia vumbi. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Akanipa mablanketi mawili. La pili, alisema, ni la upande wa ukutani.

Mahojiano, hakuna.

Ijumaa, 8 Machi

Msomi kaleta fundi viatu mzimamzima! Ati alijitambulisha, akampa kiatu ashone, akasubiri. Hiyo elimu au umbea? Darasa likapiga makofi.

Mimi nikasimama na mablanketi. Nikaeleza. Msomi akashika kichwa: "Kaka! Mama wa chai ndiye aliyekimbia kwao kwa sababu ya dini yake na siasa za mumewe. Anamsimulia yeyote anayemwuliza!" Wakacheka, hata mwalimu, msomi wa kulipwa. Kaniongezea muda mpaka Jumatatu. Nikikosa, nafungasha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza sana. Kosa nimeligundua: nilizungumza. Ndiyo maana wakanidhania polisi. Kumwuliza yule mama waziwazi ni kazi ya akina Msomi. Kesho narudi ukumbini nikiwa bubu. Nani atamshuku bubu?

Unikumbuke, mke wangu.