Jiwe la Bibi Kpele

Jumatatu, 8 Januari
Daktari Fanta, mtafiti kutoka Conakry, anataka msaidizi wa kufuatilia sokwe wa kilimani kwetu Bossou. Mmoja tu! Binamu yangu Saye kajiandikisha kabla yangu. Anatafutwa mtu mwenye macho, eti. Mimi ninayo mawili.

Jumanne, 9
Msituni, sote watatu. Sokwe jike mzee tunayemwita Bibi Kpele aliweka kokwa ya mchikichi juu ya jiwe, akaigonga kwa jiwe jingine. Ta! Akala. Daktari akaeleza kwamba sokwe si babu zetu, ni binamu: sisi na wao tuna mhenga mmoja, wa miaka milioni sita au saba iliyopita. Nikamtazama Saye. Nikaamini mara moja. Wazee wetu nao husema roho za waliotangulia zimo ndani ya sokwe, ndiyo maana hatuwadhuru. Kumbe undugu wote wanaukubali, wanabishania ukoo tu! Kucha za Bibi Kpele ni kama zangu. Huwaza nini, yule mama?

Jumatano, 10
Nimepata mbinu. Nitavunja kokwa nyingi kumshinda yule mama, Daktari aone. Bibi Kpele alipoondoka nikalichukua jiwe lake. Kokwa ya kwanza ikarukia kichakani. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa kidole gumba. Saye kaandika kitu daftarini. Mbea!

Alhamisi, 11
Nilikwenda mapema kujizoeza. Bibi Kpele akanikuta na jiwe mkononi. Nywele zikamsimama. Daktari, aliyekuja nyuma yangu, akaniambia polepole, "Paye, liweke chini. Rudi nyuma." Nikaliweka. Bibi Kpele akalinusa, akavunja kokwa nne, akaenda zake. Mwanawe, aliyekuja naye, akabaki akikitazama kidole changu kilichovimba, kwa huruma nadhani. Daktari akasema watoto wa sokwe huwatazama mama zao miaka mitatu hata zaidi ndipo wavunje kokwa ya kwanza. "Nawe umetazama muda gani, ndugu yangu?" Nikajibu, karibu saa nzima.

Ijumaa, 12
Kazi kapewa Saye. Sababu? Alikaa asubuhi nzima kimya, akitazama. Hata kisiki kinaweza hilo! Sijakata tamaa. Nasikia sokwe hao hao hupanda miti ya miwale inayogemwa pombe, huchovya majani katika pombe hiyo na kuyafyonza. Kesho napanda mwale wa baba mkwe, Daktari akishuhudia. Saye kanishauri nichukue kamba. Sokwe gani anatumia kamba?