Korongo wa Mwalimu Virginie

Jumatatu, 4 Novemba. Butembo.

Mvua tangu asubuhi. Daftari jipya. Nitaandika Swahili ya vitabu, si ile tunayoongea sokoni, parce que mtu wa akili huandika mambo yake kwa heshima.

Jina: Josaphat Kahongya. Umri: arobaini na mmoja. Kazi: mwalimu wa gymnastique katika maternelle moja, shule ya chekechea, hapa mtaa wa Kimemi. Miaka tisa! Miaka tisa nawafundisha watoto wadogo kutembea kwa mstari. Filimbi, kushoto, kulia, simama. Hakuna aliyelalamika. Waliolia, ndiyo. Kulia si kulalamika.

Kisha, wiki tatu zilizopita, directrice wetu, mkuu wa shule, Mama Berthe, akaleta mwalimu mpya. Virginie. Ametoka Beni. Miaka ishirini na sita. Hana filimbi! Alikuja na mikeka na neno moja: yoga. Yoga ya wanyama, kwa watoto. Siku ile nilicheka kwa nguvu. Nilicheka peke yangu.

Leo Mama Berthe ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, saa tatu, wageni wa coordination, ofisi inayosimamia shule zetu, watakuja kutazama. Watachagua mwalimu mmoja aende Beni wiki mbili, kufundisha walimu wa maternelle wa Beni na Oicha. Wenzangu wote walimtazama Virginie. Mimi nilisimama vizuri, kifua mbele, ili wajue wapi pa kutazama. Hawakutazama.

Mimi si mtu wa wivu. Naandika hivi ili ijulikane.

Jumanne, 5 Novemba.

Nimechungulia. Si kupeleleza! Nilikuwa nakata majani ya ua wa shule, na ua huo uko chini ya dirisha lake.

Watoto wote walikuwa paka. Mikono na magoti chini, mgongo juu, mgongo chini, nyau. Kisha wakawa vyura, wanachuchumaa na kuruka. Kisha mamba, wamelala kwa tumbo, wanajiinua kwa mikono. Mwisho korongo: mguu mmoja juu, mikono kama mabawa. Kimya. Watoto ishirini na wawili, kimya! Mimi na filimbi yangu sijawahi kupata kimya hata cha muda wa kupiga chafya.

Baadaye aliwaeleza wazazi mlangoni kwamba paka analegeza mgongo, chura anakaza mapaja, mamba anatia nguvu mabegani, na mtoto mwenye bega imara ndiye anayeshika kalamu vizuri. Korongo anafundisha kusimama bila kuyumba. Wamama wakatikisa vichwa kama wanasikiliza padri. Mmoja akasema mtoto wake sasa anavaa suruali mwenyewe, amesimama, bila kushika ukuta. Mimi pia navaa suruali yangu mwenyewe. Nani ananisifu?

Na katika mstari wa mbele alikuwa Elsa. Elsa wangu, kitinda mimba wangu. Ana miaka minne. Alichelewa kutembea, na hadi leo anaanguka hata mahali pa tambarare. Muuguzi alisema miguu itapata nguvu kwa michezo, tusiwe na haraka. Katika mstari wangu mimi humweka nyuma kabisa, ili asione haya. (Ukweli: ili mimi nisione haya. Daftari hili halisomwi na mtu.)

Leo aliinua mguu, akaanguka. Virginie akamwambia, “Korongo pia anaangukaka, Elsa. Anasimama tena.” Elsa akacheka! Kwangu akianguka analia.

Nilikata ua wote. Haupo tena.

Jumatano, 6 Novemba.

Mpango wa kwanza. Mzuri sana.

Nilikwenda kwa Papa Salomon, mkubwa wa kamati ya wazazi. Mfanyabiashara wa viazi, Mkatoliki wa kweli, sauti kama ngoma. Nikamwambia kwa huzuni kwamba mimi si mtu wa kusengenya, mais kuna darasa ambamo watoto wanalala chini na kutambaa kama nyoka. Hakuna nyoka katika wanyama wa Virginie. Lakini mamba kwa mbali ni nyoka mwenye miguu.

Akaruka kitini. “Banyoka? Ku shule ya kanisa? Batoto betu?”

Nikasema sijui, mimi nafundisha tu kutembea kwa mstari. Akasema kesho asubuhi atafika yeye mwenyewe. Nimekula fufu mara mbili.

Alhamisi, 7 Novemba.

Alifika. Nilijipanga karibu na mlango, uso wa masikitiko tayari.

Virginie hakubishana. Alimwomba avue viatu aone mwenyewe. Papa Salomon alishuka kwa magoti pole pole, akiguna. Alipokuwa kijana alibeba magunia ya viazi huko Lubero, na mgongo wake haujamsamehe. Akawa paka. Mgongo juu. Mgongo chini. Pakasikika kitu kama ukuni mkavu unavunjika. Nilifurahi.

Halafu akapiga kelele: “Aï! Mugongo yangu inafunguka! Miaka makumi mbili, sasa inafunguka!”

Watoto wakapiga makofi. Papa Salomon akawa paka tena. Akawa chura, ingawa hakuruka, alikohoa tu. Wakati wa kutoka alinishika mkono mbele ya wote, akanishukuru kwa kumwonyesha njia. Kesho atarudi, na mke wake.

Sikula kitu.

Ijumaa, 8 Novemba.

Usiku nimefikiri. Kama watu wanataka wanyama, Josaphat atawapa wanyama! Na si paka wa jikoni. Wanyama wa nchi yetu, wakubwa.

Asubuhi nikaanza na kiboko wangu. Unalala ubavu, mashavu yamejaa hewa, hutembei, unapumua. Baada ya dakika tano darasa lote limelala usingizi. Wawili wanakoroma. Mama Berthe akapita, akauliza kama watoto wanaumwa. Nikajibu kwamba ni kiboko wa mchana.

Kisha okapi. Hapa nilitaka kumaliza mashindano. Okapi ana shingo ndefu, anajilamba hadi masikio. Donc nikapanda juu ya benchi, nikanyoosha shingo juu, nikaizungusha kushoto, ulimi nje. Watoto walifurahi kweli! Wakasema, “Tena, mwalimu!” Mara ya kwanza katika miaka tisa. Nikarudia, kwa nguvu zaidi.

Shingo ikakwama.

Sasa naandika nikitazama dirisha. Daftari liko kulia kwangu na silioni vizuri.

Jumapili, 10 Novemba.

Shingo bado iko kushoto. Kanisani ilikuwa taabu. Tulikaa upande wa kulia, na kushoto kabisa kuna wanawake wa kwaya. Misa nzima nimewatazama. Mahubiri nimewatazama. Kavuo, mke wangu, alinifinya mara nne. Nyumbani aliniuliza yule aliyevaa kikwembe cha njano nimemjua lini. Nikamweleza habari ya okapi. Akasema katika ukoo wao hakuna mtu aliyewahi kudanganywa kwa okapi.

Mwishowe alinipaka mafuta na kunikanda. Alikanda kwa hasira. Sasa shingo iko kushoto na kidogo juu.

Wivu ni kitu kibaya sana kwa wanawake.

Elsa alikuja mbele yangu, upande ninaoweza kuona. Akainua mguu. Akahesabu moja, mbili, tatu, akaanguka juu ya kikapu cha vitunguu. Akasema, “Papa, leo ni tatu!” Nikamwambia ni vizuri. Kisha nikamuuliza anampenda nani zaidi, mwalimu wa filimbi au mwalimu wa korongo. Akafikiri sana. Kwa nini alihitaji kufikiri?

Alhamisi, 14 Novemba.

Kesho wageni. Mpango wa pili, wa mwisho.

Leo Virginie alikuwa anapanga mikeka. Nikamwambia, kana kwamba napita tu, kwamba Mama Berthe amebadilisha saa. Wageni watafika saa tano. Alikuwa na safari ya kumpeleka mama yake dispensaire kutibiwa asubuhi, akaogopa kuchelewa. Sasa akafurahi. Akanishukuru. Akaniletea kitambaa na maji ya moto, akaniwekea shingoni mwenyewe, akasema nisilazimishe, iachwe irudi pole pole.

Nikaondoka mbio kwenda kukata ua. Ua haupo.

Ijumaa, 15 Novemba.

Naandika yote, hata yale mabaya.

Saa tatu kamili wageni wakafika: bwana mmoja wa coordination, na Sista mnene mwenye miwani. Virginie hayupo. Mama Berthe anatazama barabara, anakunja mikono. Nikajitokeza. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba, kwa bahati, watoto wangu wako tayari.

Watoto ishirini na wawili kwa mstari. Elsa nyuma. Usiku mvua ilinyesha, na chini ya citerne, tangi la maji, palikuwa na dimbwi la matope, pana kama chumba. Si kitu, nilifikiri, tutapinda kulia mbele yake.

Nikapiga filimbi. Nikawaambia wafanye kama mimi.

Wakafanya kama mimi! Vichwa vyote vikageuka kushoto na kidogo juu, kama shingo yangu. Hakuna hata mmoja aliyetazama mbele. Mimi pia sikutazama mbele, mimi nilikuwa natazama ukuta wa choo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi ndani ya dimbwi. Mimi wa kwanza. Niliteleza, nikakaa. Watoto wakaanguka juu yangu mmoja mmoja. Kilio! Viatu vinanyonywa na matope. Sista amefunika mdomo.

Halafu nikamwona Elsa.

Alikuwa ametumbukia mwisho, kiatu chake cha kulia kimebaki ndani. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya matope. Niliona goti lake linatetemeka. Nilitaka kumkimbilia, mais nilikuwa na watoto watatu juu ya tumbo. Nikafumba macho. Nilijua ataanguka. Huanguka siku zote.

Hakuanguka. Alifungua mikono kama mabawa. Akawaambia wenzake, kwa sauti ile ile ya Virginie, “Hapana kulia. Tuko bakorongo.”

Na wakanyamaza. Mmoja akasimama, akainua mguu, akachomoa kiatu. Mwingine. Wote! Wanasimama kwa mguu mmoja, wanachomoa viatu, wanahesabu kwa pamoja. Moja, mbili, tatu. Elsa alifika kumi na mbili. Mtoto wangu ambaye hawezi kuvuka sebule.

Nililia. Matope yaliingia machoni, ndiyo, lakini nililia kabla ya hapo.

Sista akasogea hadi ukingoni. Akauliza nani amemfundisha mtoto huyu.

Neno “mimi” lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa vizuri. Elsa alinitazama. Nikasema, “Mimi ni baba yake. Aliyemfundisha ni Mwalimu Virginie.”

Virginie alikuwa anaingia getini, mbio, viatu mkononi. Papa Salomon alikuja kuwa paka kama kawaida yake, akaona gari la wageni, akamtafuta hadi dispensaire.

Jumamosi, 16 Novemba.

Virginie amechaguliwa. Mama Berthe aliniita bureau, ofisini kwake, akaniuliza habari ya saa tano. Nikakubali. Alinisema nusu saa. Shingo yangu imerudi mbele, kwa hiyo ilibidi nimtazame machoni.

Nilikwenda kumwomba Virginie msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, akayakata. Alisema mama yake alimaliza mapema, hakuna kilichoharibika. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo ilimuuma, kwa sababu alidhani mimi ni rafiki.

Nilivua filimbi shingoni, nikaitia mfukoni.

Halafu akasema kwamba kwa safari ya Beni amepewa ruhusa ya kuchukua msaidizi, na amewaandikia jina langu. Nikamuuliza kwa nini mimi. “Mwalimu Josaphat, weye sasa unajua mutoto mwenye kuanguka anasikiaka nini. Balimu bengine habajui.”

Nimemwambia Kavuo: nimekuwa mtu mpya. Wivu umekwisha kabisa. Kavuo alisema tutaona.

Jumatatu, 25 Novemba. Beni.

Beni kuna joto. Tunalala katika nyumba ya wageni ya parokia. Wiki ya kwanza imekuwa nzuri sana. Virginie anaeleza, mimi naonyesha. Naanguka kwa makusudi, kisha nasimama, na walimu wanaelewa. Kila jioni Elsa ananisalimu kwa simu. Jana alifika kumi na tisa. Namwombea Virginie heri, kwa moyo safi.

Leo amefika mwalimu mmoja, Jamali. Ukoo wao ni wa wenye malori, hapa Beni. Kijana mrefu, mpole, ananiita “kaka mkubwa”. Virginie akamwomba ajaribu chura.

Aliruka kutoka mlangoni hadi dirishani. Mara moja!

Walimu wote wakapiga kelele. Virginie akasema hajawahi kuona chura kama yule. Hajawahi? Na mimi, wiki nzima, nimekuwa chura wa nani?

Mimi si mtu wa wivu. Ni habari ya ukweli tu: chura wa kweli haruki mbali hivyo, na havai soksi nyeupe.

Baada ya chakula nimejifungia chumbani, nimefanya mazoezi. Kutoka ukutani hadi kitandani, mara kumi na moja. Kitanda cha parokia kimevunjika. Nimewaambia nilikikuta hivyo.

Kesho asubuhi, mbele ya walimu wote na Virginie, nitamwalika Jamali tushindane. Nimeona mtaro nyuma ya shule tunakofundishia, na kule ng'ambo kuna majani laini. Si mpana. Mtu yeyote anaweza kuuruka.