Jicho Linalosamehe Paka

Jumamosi, 5 Novemba 2016

Limefika! Ndugu yangu Ridha wa Maskati ameniletea king'ora cha wezi pamoja na jicho lake. Jicho lenyewe ni kidude cheupe, si kikubwa kuliko kiganja, unakipachika ukutani. Akipita mtu mwenye joto lake mwilini, linamnasa, na king'ora kinalia mpaka Chake Chake wasikie. Na uzuri wake hasa ni huu: linasamehe paka. Mnyama mdogo akipita chini halimjali. Mashallah kwa aliyelibuni. Nimelitazama asubuhi nzima.

La kulindwa ni karafuu za mama. Mwenyewe, Bi Intisar, ameshasema za msimu huu ni za kwendea Umra, hataki kusikia jingine. Zikiibiwa, hakuna Makka. Mke wangu Hamdiya kauliza ni nani hapa Pujini wa kumwibia mtu mzima safari yake ya Makka. Nilitazama tu upande wa kwa Shaame.

Shaame ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Ana chama chake, nami nina changu, na tangu uchaguzi hatuendeani hata mazikoni. Mtu wa namna hiyo humfumbii macho.

Jumapili, 6 Novemba

Nimelipachika mwenyewe. Maelezo yanasema liwe juu, liwe pembeni mwa chumba, na lisielekee kitu ambacho paka anaweza kukipanda. Juu, nimeweka. Pembeni, nimeweka. Hilo la tatu niliona ni la watu wenye makochi. Sisi ukumbini hatuna kochi, tuna magunia ya karafuu tu.

Nikakiwasha kujaribu. Waziri, paka wetu, akapanda gunia la chini, akapanda la juu yake, akaendelea hadi kileleni, akawa uso kwa uso na jicho. King'ora! Mama alikuwa chumbani anasali. Hakukatisha. Alimaliza rakaa zake zote na sunna juu yake, makelele yakiendelea, kisha akaniita kwa jina langu kamili mpaka la babu. Imani kama ile sijaiona kwa mtu mwingine.

Na Waziri naye! Paka mwingine angekimbia. Yeye alikuwa analiramba jicho.

Jumatatu, 7 Novemba

Fikra mpya. Ikiwa paka anapanda juu, jicho lishuke chini! Nikalipachika usawa wa goti. Waziri akapita mbele yake kwenda kunywa maji, jicho likamwona mkubwa kama ng'ombe. King'ora tena.

Hamdiya akayachukua maelezo, akayasoma yote, akasema magunia yahamie chumbani kwa mama na jicho lirudi juu. Mwanamke huyu ana akili jamani. Nikamwambia ndiko nilikokuwa naelekea. Jioni Waziri amekatiza ukumbi anavyotaka, kimya. Nikapita mimi, kelele! Nilimbusu paka kipajini.

Shaame alichungulia ukutani kuuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba sasa kuna mitambo, na wenye nia zao wajihadhari. Alitikisa kichwa akaenda zake. Mwenye hatia haswa!

Jumatano, 9 Novemba

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Sote tulikwenda shamba kuchuma mikarafuu iliyobaki. Karafuu za mama tulizitoa maguniani tukaziacha uani juu ya majamvi, zimebakisha jua kidogo tu zikauke. Nikawasha king'ora, nikafunga mlango, ufunguo nikauweka juu ya fremu ya mlango, ambako Pujini nzima inajua uko. Ndivyo tulivyozoea hapa: ukiwa shamba mvua ikaja, aliye karibu hukuanulia karafuu zako akaziingiza ndani. Hata siasa haikuuondoa ufunguo ule. Na mimi, mtu wa mitambo, sikuwaza.

Mvua ikaja. Tukarudi mbio. King'ora nakisikia tangu njiani. Mlango wazi, uani patupu, hata majamvi hayapo! Mama akakaa barazani, nguo zinamchuruzika maji, akasema basi, hakujaaliwa. Hakulia. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angelia.

Nikakimbia kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu. Barazani kwake watu tele wanajikinga mvua. Nikatangaza mbele yao wote kwamba Shaame ameiba karafuu za mama yangu na mitambo imemnasa. Sheha akaniuliza kama nina hakika. Nikarudia, tena kwa sauti.

Hapo akaingia Bi Mwanawema, mke wa Shaame, maji yanamtoka kichwani, ananitafuta mimi. Akasema karafuu ziko kwao. Yeye na mumewe walifungua kwetu wakaanza kuziingiza, kidude kikapiga kelele, wakadhani nyumba inaripuka. Hawakuziacha. Walizikokota jamvi kwa jamvi mpaka kwao, na sasa ziko juu ya kitanda chao, kavu.

Hakuna aliyenicheka. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Shaame, mama yuko mbele. Karafuu zetu kweli ziko kitandani, zimetandazwa vizuri kuliko ninavyotandaza mimi. Wao wamelala sakafuni. Kisha nikatazama uani kwake. Karafuu zake mwenyewe zimeloa chepechepe. Hakuziwahi. Alianza na zetu!

Nikamwomba radhi. Nikamwuliza kwa nini hakuanza na zake.

"Zangu za kuuza tu," akasema. "Za Bi Intisar zaenda Makka."

Mama akamshika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu. Mimi, kwa ujinga wangu, nikataja vyama.

"Mie nliona nvua," akasema Shaame. "Sikuona chama."

Sijapata kuona mtu kama yule. Nimepita kwa sheha nikasema mbele ya wale wale kwamba nilimsingizia. Kisha nimeshinda uani kwake nikigeuza karafuu zake juani. Nyingi zimeshapauka. Zilizosalimika zinaenea jamvi moja.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimekaa nikalitafuta kosa langu, nimelipata. Jicho lilikuwa nyumba siyo! Mimi nina jirani kama Shaame, mwizi atanifanya nini? Lakini Shaame ana jirani gani? Ana mimi. Maskini, hana ulinzi kabisa.

Baada ya sala ya Ijumaa, yeye akiwa bado msikitini na Bi Mwanawema amekwenda kumsaidia mama kufunga magunia, nimeingia kwao nikalipachika pamoja na king'ora chake, nikakiwasha. Juu, pembeni, mbali na kitu chochote cha kupanda. Sikumwambia. Nataka afurahi ghafla.

Sasa niko barazani kwangu, namwona anaanua. Amelibeba jamvi lake lile moja, amelikunja vizuri, anaingia nalo ndani taratibu.

Kinalia! Sauti safi kabisa! Jamvi limemruka mikononi, karafuu zimemwagika mpaka kwenye dimbwi la njiani, naye ananitazama.

Paka wake alitangulia kupita mlango ule ule, kimya. Mashallah, safari hii nimelipachika sawasawa.